Shangazi, nikilala na hela inalala

Shikamoo Shangazi,

Mimi ni kijana wa miaka 31, naishi Mwanga, Kigoma mjini, na mke na mtoto mmoja. Sijaajiriwa. Natengeneza nembo, kadi za harusi na za michango, mabango ya mikutano ya injili, matangazo ya maulidi, fulana za timu na lebo za bidhaa. Kazi nilijifundisha mwenyewe kwenye kompyuta ya kaka yangu, na namshukuru Mungu wateja wananijua kuanzia Ujiji mpaka Kasulu.

Shida yangu ni hii: ili nipate shilingi, lazima niwe nimekaa kwenye kiti. Kadi ni 15,000, lebo 25,000, nembo 40,000, na hapo mteja bado atakurudisha: badilisha rangi, ongeza maua, hapana, ile ya kwanza ilikuwa nzuri. Mwezi mzuri nafika 600,000. Mwezi mbaya hata 200,000 naitafuta. Mwaka 2024, ziwa lilipofungwa kwa uvuvi kuanzia tarehe 15 Mei hadi 15 Agosti, ndipo nilipoona kwamba hata mimi nisiyevua nakula kutoka ziwani. Wenye dagaa hawakuagiza lebo, harusi zikasogezwa mbele, simu ikanyamaza. Halafu mwaka huu mke wangu akajifungua kwa upasuaji. Nilikuwa naye hospitali, kisha nikabaki nyumbani kupika na kufua mpaka mama mkwe alipofika kutoka Uvinza. Kipindi chote hicho sikuingiza kitu. Nikilala, na hela inalala.

Kuna mama mmoja wa Kibirizi anayekausha dagaa na kuwafungasha. Lebo yake niliitengeneza mimi, akanilipa 25,000, tukaachana vizuri. Juzi mdogo wangu amenitumia picha kutoka Dar es Salaam: pakiti za yule mama zimepangwa dukani Mbezi, na lebo ni ileile niliyokesha nayo. Biashara yake imekua, namwombea izidi. Lakini nimekaa nikawaza. Lebo ile imeshachapwa maelfu na inafanya kazi kila siku, mimi nililipwa siku moja tu. Je, nina haki yoyote juu yake?

Marafiki kila mmoja ana lake. Mmoja ananiambia nikope ninunue mashine ya kuprinti stika na mabango. Mwingine amejiunga na kundi la WhatsApp ambako unaweka 100,000 na kila wiki unapewa faida, anasema hiyo ndiyo pesa inayojizalisha yenyewe. Wa tatu anasema niweke kazi zangu kwenye masoko ya mtandaoni niuze kwa dola. Mke wangu yeye anasema nitafute ajira. Shangazi, kweli ipo njia ya mtu kama mimi kupata kipato bila kuuza kila saa ya maisha yangu, au hayo ni mambo ya watu wa miji mikubwa?

Mbunifu wa Mwanga, Kigoma

*

Marahaba mwanangu. Hongera kwa mtoto, na mama yake umpe pole na hongera kutoka kwangu. Ulisimamisha kazi ukapika na kufua mke wako akiwa na kidonda. Siku hizo usiziandike kwenye hasara.

Njia ipo, na nitakuonyesha kwamba kuwa Kigoma kunakusaidia kuliko unavyodhani. Ila tuelewane kwanza. Kipato unachokitafuta nacho kinadai saa zako. Tofauti ni kwamba saa hizo hutangulia, na mara nyingi wakati unazitoa hakuna anayekulipa. Mtu anatengeneza kitu leo, kisha anakiuza kesho, mwezi ujao na mwakani bila kukianza upya. Nimeisoma barua yako zaidi ya mara moja nikitafuta kitu ambacho kazi inapokwisha kinabaki mikononi mwako, kikiwa bado chako na bado kina bei. Sikukiona. Mteja akishalipa anaondoka na faili, anaondoka na mchapaji, na asubuhi wewe unaanza sifuri. Hapo ndipo pa kurekebisha, na mashine haiwezi kukurekebishia.

Nianze na mama wa Kibirizi, maana ndiye anayekuuma.

Haki unayo. Sheria ya Hakimiliki na Hakishiriki ya mwaka 1999 inailinda kazi ya sanaa tangu inapotengenezwa, hata kama hujaisajili popote. Kwa kazi nyingi ulinzi huo unadumu uhai wote wa mtunzi na miaka 50 baada ya kufa kwake. Ukitaka kumbukumbu rasmi ya kwamba kazi ni yako, unaisajili Ofisi ya Hakimiliki, ile tunayoiita COSOTA. Jina la biashara la yule mama na alama yake ni vyake, na hivyo husajiliwa BRELA, wakala wa usajili wa biashara. Sasa nikwambie ninavyoona mimi: usimfuate kumdai. Alikuja kutaka lebo ya dagaa wake, ukamtengenezea, akakulipa bei uliyoitaja mwenyewe, na anaitumia kwa kazi ileile mliyoizungumza. Ukienda kwake na sheria mkononi utapoteza mteja, na mwalo mzima wa Kibirizi utasikia kabla jua halijazama.

Jiulize jambo jingine. Zile lebo maelfu, nani anamchapia?

Wewe humchapii, na pesa iko hapo. Kila pakiti inayouzwa Mbezi imebandikwa stika, na kila stika imelipiwa kwa mtu. Mama anaagiza, zinakwisha, anaagiza tena. Wewe uliuza mchoro ukamwachia mtu mwingine biashara inayojirudia. Rudi uichukue, na huhitaji mashine kuichukua. Tafuta wachapaji wawili wanaofanya kazi safi, mmoja wa hapo mjini kwa mzigo wa haraka na mmoja wa Dar es Salaam au Mwanza kwa mzigo mkubwa unaoweza kusubiri basi. Waulize bei ya jumla kama mtu atakayeleta kazi kila mwezi. Tuseme mchapaji anakutoza shilingi 90 kwa stika, nauli ya mzigo ikiwa ndani, na wewe unamuuzia mama kwa 130. Stika 1,000 zinakuachia 40,000, sawasawa na nembo moja, bila kukesha na bila kubadilisha maua. Ukiwa na wateja kumi wa namna hiyo, kila mmoja akimaliza stika 1,000 kwa miezi miwili, hiyo ni 200,000 kwa mwezi. Bei nimezitaja kwa mfano, zako utazipata kwa wachapaji wenyewe. Lakini ona kiwango: mwezi ambao sasa unauita mbaya unakuwa umeshalipwa kabla hujafungua kompyuta.

Kazi hii ina masharti, na nakuomba usiyapuuze. Usichape mzigo mzima kwa hela yako hata mara moja. Mteja alipe nusu kabla, nusu akipokea, na hiyo nusu ya kwanza itoshe kumlipa mchapaji sehemu kubwa ya gharama. Faili za kila mteja ziwe kwenye folda yake, zimeandikwa vipimo vya lebo, aina ya karatasi, nani alichapa, tarehe gani na idadi gani, kisha uweke nakala ya pili nje ya kompyuta yako. Pembeni ya lebo, kwa herufi ndogo, weka namba yako ya simu. Mwenye sabuni akiipenda lebo ya mwenye dagaa ataisoma. Na ukijua mama fulani humaliza stika zake kwa wiki sita, wiki ya tano mtumie ujumbe: "Mama, stika zimebaki ngapi? Nipange mzigo?" Watu wengi hawaagizi kwa wakati kwa sababu wamesahau, na siku wakikumbuka wanaenda kwa aliye karibu. Kuwa wewe aliye karibu.

Kwa wateja wapya, yaandike haya kwenye karatasi moja kabla ya kuanza. Bei ya mchoro, marekebisho mawili ndani ya bei na ya tatu yanalipiwa, faili la kuhaririwa linabaki kwako, na akilitaka aende nalo lina bei yake, kubwa kuliko ya mchoro. Nikikusikia ukisema watu wa Kigoma hawatakubali karatasi, nitakwambia wanakubali karatasi za vikoba, za viwanja na za mkopo wa boti. Watakubali na hii ukiwaeleza kwa upole na mapema.

Kwenye kadi sasa. Wewe mwenyewe unajua kwamba hizo kadi zote unazotengeneza ni michoro michache inayozunguka. Maua yanahama kutoka kulia kwenda kushoto, majina yanabadilika, ukumbi unabadilika. Unalipwa 15,000 kila mara kwa kazi ambayo nusu yake ulishaifanya zamani. Mkoa wako una wilaya sita, na kila mji wake una wenye stationeri. Uvinza, Kasulu, Buhigwe, Kibondo, Kakonko, kote huko watu wanaoa, wanabatiza, wanapata kipaimara, wanasoma maulidi, wanazika. Mwenye stationeri ana kompyuta, ana printa, anajua kuchapa barua na kutoa kopi, lakini kadi anayotoa inasikitisha, na mteja mwenye uwezo anasafiri hadi mjini kuja kwako. Mpelekee silaha.

Tengeneza seti ya templeti ishirini zilizo tayari: mwaliko wa harusi, kadi ya mchango, sendofu, ubatizo, kipaimara, maulidi, hitima, ratiba ya mazishi, cheti cha mahafali ya chekechea. Ziwe za aina ambayo mtu asiyejua ubunifu anaweza kubadilisha jina, tarehe na ukumbi bila kuharibu kitu. Ziweke katika programu wanazozijua, Word au PowerPoint. Usitumie Publisher, hata kama wengi wanaipenda, kwa sababu Microsoft imetangaza kwamba haitaihudumia tena baada ya Oktoba 2026. Fonti tumia zile zenye leseni huria, na Google Fonts imejaa hizo. Maua na mapambo chora mwenyewe. Picha uliyoiokota tu mtandaoni huna haki ya kuiuza, na uchungu uliouona juu ya lebo yako, mwenye picha ile anao pia.

Seti hiyo ukiiuza 60,000 kwa stationeri kumi, umepata 600,000, ule mwezi wako mzuri, na seti bado iko kwako. Kutengeneza ya kwanza kutakula jioni nyingi, sikufichi. Kuiuza kwa duka la kumi na moja ni kutuma faili na kupokea ujumbe wa Lipa Namba.

Utaniuliza: na wakigawiana? Watagawiana. Kuna atakayemtumia shemeji yake wa Kakonko, na hutamkamata. Kinga yako ni kuwa na kitu kipya ambacho shemeji bado hana. Uza kwa mwaka mzima badala ya mara moja: anayelipa anapata seti ya kwanza, kisha mzigo mpya kabla ya harusi za Desemba, mwingine kabla ya mfungo sita ambamo maulidi yanaanza, na anakupigia akikwama. Na katika kila mji mdogo chagua duka moja au mawili tu, uwaahidi kwamba jirani yao wa ng'ambo ya barabara hutamuuzia. Ahadi hiyo wataithamini kuliko mchoro wenyewe, na itawafanya wao ndio walinzi wa kazi yako.

Hapa ndipo ninapoona Kigoma inakubeba. Dar es Salaam kuna maelfu ya vijana wenye ujuzi wako. Lakini anayejua kwamba mawese yanaandikwaje kwenye chupa, kwamba dagaa wa Ziwa Tanganyika wanauzwa kwa sifa gani, kwamba mama wa Kasulu anaagiza kadi kwa Kiswahili lakini anataka salamu ya Kiha juu yake, huyo ni wewe. Soko la mtandaoni la dunia nzima halikujui. Stationeri ya Kibondo inakujua.

Kwa hiyo rafiki yako wa dola simkatai, ila namweka nyuma. Masoko ya picha na michoro yapo na yanalipa, kidogo kidogo. Adobe Stock, kwa mfano, humpa mchangiaji asilimia 33 ya bei ya picha au mchoro, na wanunuzi wengi ni wa kulipia kwa mwezi, kwa hiyo upakuaji mmoja mara nyingi ni senti thelathini na kitu za dola. Upakuaji 100 unakupa kama dola 33. Anayefaidika huko ana mamia ya kazi zilizoandikiwa maelezo vizuri na amesubiri. Na kabla hujapakia hata moja, jua hela itakufikiaje: kwa miaka mingi PayPal imemruhusu mtu wa Tanzania kulipa, kupokea ikawa shida, ndiyo maana wengi hutumia Payoneer, huduma nyingine ya kupokea malipo ya nje. Weka huko michoro yako iliyobaki, ile ya ruwaza za vitenge na mapambo, mwezi ambao huna kazi. Usiweke tumaini la kodi ya nyumba.

Kuna mali nyingine unayo na hujaitaja hata kwa neno moja. Umetengeneza lebo nyingi, kwa hiyo umeshajua njia ambayo mjasiriamali mdogo anapita mpaka bidhaa yake ikubalike dukani. Tangu mwaka 2019 ukaguzi wa usalama wa chakula uko TBS, Shirika la Viwango, na wengi bado wanauliza TFDA, mamlaka iliyokuwa na kazi hiyo zamani. Wengi huanzia SIDO, shirika la viwanda vidogo, kupata barua ya utambulisho. Msimbo wa milia, yaani barcode, wa kampuni za Tanzania unaanza na 620 na unatolewa na GS1, shirika la misimbo hiyo, si wa kuchora tu au kunakili kwenye pakiti ya mtu mwingine. Uzito halisi, tarehe ya kutengenezwa na ya mwisho wa matumizi, viambato, jina na mahali pa mzalishaji, vyote lazima vipate nafasi kwenye lebo. Mama anayeanza na ndoo moja ya mawese hajui hata kimoja, na kwa kutojua anachapa stika elfu, kisha anazitupa. Maelezo hayo yaandike mara moja kwa Kiswahili chepesi, kurasa chache, uyathibitishe kwa kwenda SIDO na TBS mwenyewe, kisha uyauze pamoja na lebo kama kifurushi. Lebo ya 25,000 inakuwa kifurushi cha 60,000 au 80,000, na muda wako umeongezeka kidogo sana. Nembo nayo ipandishe, mwanangu. Nembo ya 40,000 yenye marekebisho yasiyo na mwisho inamnyima mtoto wako baba yake usiku.

Kufundisha pia ni njia, na wengi huiharakia. Wako vijana na wenye maduka wanaotaka kujua kutengeneza tangazo zuri kwa simu. Fundisha kundi dogo ana kwa ana kwanza, kwa ada, uone wanakwama wapi. Ukishajua, rekodi masomo mafupi ya dakika tano tano uyauze kwenye kundi la WhatsApp la wanaolipia. Nasema mafupi kwa sababu ya bando: mtu wa Buhigwe hatapakua video ya saa nzima. YouTube usiitegemee kwa fedha za matangazo. Ili ikugawie mapato hayo inataka wafuatiliaji 1,000 na saa 4,000 za kutazamwa ndani ya miezi 12, na hata baada ya hapo mgawo wa mtazamaji wa Kiswahili ni mdogo. Itumie kujulikana.

Mashine usiinunue sasa, na usiikopee. Mwenye mashine anaanza kuitumikia: wino, vichwa vinavyoziba, umeme ukikatika katikati ya bango, fundi anayesubiriwa atoke mkoa mwingine, na rejesho la mkopo lisilojua kwamba ziwa limefungwa. Ingekuwepo mwaka 2024 ungeilipia miezi mitatu ikiwa imefunikwa kitambaa. Siku ambayo faida ya stika unazowapelekea wachapaji wengine, katika mwezi mbaya, inatosha kulipa rejesho na bado kikabaki kitu, siku hiyo niandikie tuzungumze. Mikopo ya halmashauri, ile inayotoka kwenye asilimia 10 ya mapato yake ya ndani, haina riba, na asilimia 4 kati ya hizo ni ya vijana, lakini hutolewa zaidi kwa vikundi, na kikundi kina mambo yake. Chagua wenzako kwa makini kabla ya kuchagua mashine.

Kuhusu lile kundi la WhatsApp, hapana. Hapa sitaki mjadala. Anayekuahidi faida ya kila wiki kwa kuweka 100,000, bila kukuonyesha biashara gani inaizalisha, analipa wa mwanzo kwa hela za wanaofuata, na wa mwisho wanalia. Upatu wa namna hiyo ni kosa la jinai Tanzania. Mwambie na rafiki yako atoe chake kama bado anaweza. Hela inayojizalisha kwa halali ipo, ni ya polepole na haina makundi ya usiku: hati fungani za Serikali, yaani unaikopesha Serikali, zinazouzwa na Benki Kuu zinaanzia shilingi 1,000,000 na hulipa riba mara mbili kwa mwaka. Milioni moja leo huna, nafahamu. Nataka ujue mlango ulipo, ili siku seti za templeti zikileta hela ya ziada isiishie kwenye simu mpya.

Mke wako anaposema utafute ajira, msikilize vizuri. Aliona nyumba bila kipato akiwa kitandani. Anachoomba ni uhakika, na uhakika unaweza kumpa bila ajira. Kaeni chini, jumlisheni matumizi ya mwezi mmoja ya lazima, na hela ya kwanza ya stika na templeti iende kwenye akiba mpaka ifike kiasi hicho, kabla ya kitu kingine chochote. Mwambie mpango wote, na kama ana mkono mzuri wa hesabu mpe daftari la maagizo alishike yeye. Wakati mtoto amelala anaweza kuwauliza akina mama stika zimebaki ngapi, na kwake watajibu haraka kuliko kwako.

Upande wa Serikali, kama huna TIN, namba ya mlipakodi, nenda TRA ukachukue, ni bure, na uwaulize makadirio yako. Mashirika yaliyojaa huko Kigoma hayatakupa kazi ya maana bila TIN. Yakikulipa huduma yatakata asilimia 5 kama kodi ya zuio. Dai cheti chake kila mara, kwa sababu kiasi hicho kinahesabiwa kwenye kodi yako.

Muda wa kuanza haya utaupata kwa kunyima. Chagua asubuhi moja ya wiki, tuseme Jumatano, simu ya wateja izimwe mpaka adhuhuri, na asubuhi hiyo utengeneze vya kwako tu. Usianze vyote. Anza na stika, kwa sababu ndizo zinazoleta hela mapema na wateja tayari unao. Templeti zifuate, ukizilipia muda kwa faida ya stika. Kifurushi cha lebo kitajijenga chenyewe kila unapomhudumia mteja mpya, na masomo yasubiri mwakani.

Wiki hii nenda Kibirizi. Mpelekee yule mama ile picha ya pakiti zake dukani Mbezi, maana huenda yeye mwenyewe hajawahi kuziona zikiwa zimepangwa hivyo. Mpongeze. Kisha muulize stika anachapa wapi, kwa bei gani, na ni lini mara ya mwisho zilimwishia wakati mzigo uko tayari kupakiwa. Mwache aseme. Akimaliza, mwonyeshe bei mbili, ya stika 500 na ya 1,000, zimeandikwa kwenye karatasi na jina lake juu. Tofauti ya bei kwa stika moja iwe kubwa ya kuonekana, maana mwenye dagaa anajua hesabu ya jumla na rejareja kuliko wewe, na atachukua 1,000.

Shangazi yako